MBWA WA KILO 80 NDANI YA PARSELE YENU: MUTAMUWEZA?

Kijana mmoja wa Likasi ametuandikia barua. Anasema hivi:

«Baba yangu anatumika mu kampuni. Chefu wake anarudia kwao Ulaya, na anataka kutuachia mutoto ya mbwa yake. Iko na miezi ine tu, lakini ilisha kufika kilo 28. Ni ile mbwa kubwa ya manyoya meupe na mekundu, yenye tunaonaka mu picha na kapipa mu shingo. Mama anakatala, anasema itakula chakula ya watoto. Baba anasema ndiyo, wezi hawatakuya tena. Sisi watoto tulisha kuipenda. Museme ninyi: tuikamate ao tuiache?»

Asante, kijana, kwa barua yako. Tunaijibu hapa mbele ya wasomaji wote, sababu ulizo lako si la nyumba moja tu. Mu miji yetu ya migodi watu wanakuja na wanaenda. Mwenye kuondoka anaacha kiti, anaacha frigo, na mara nyingine anaacha mbwa. Kiti hakiombi chakula. Mbwa anaomba kila siku. Basi, mpendwa msomaji, keti na watu wa nyumba yako, msome pamoja, kisha mhesabu pamoja.

NI MBWA GANI HUYU?

Mbwa wa kijana wetu anaitwa Saint-Bernard, na kwao ni Uswisi. Dume aliyekomaa anafika sentimetre 70 mpaka 90 kutoka chini mpaka mabegani, na kilo zake zinaweza kupita 80. Kumbuka mbwa wetu wa Kongo, yule mdogo wa mkia wa kujikunja asiyebweka kama wengine, ambaye Wazungu wanamwita Basenji. Yule ana kilo 10 hivi. Ukiweka Basenji saba ao nane kwenye ratili, ndipo utapata Saint-Bernard mmoja.

Angalia tena namna anavyokua. Siku ya kuzaliwa hana hata kilo moja. Akifikisha mwaka mmoja, anaweza kuwa na kilo 60. Mtoto wa mtu anazaliwa na kilo 3, na kwa mwaka mmoja anafika kilo 9 ao 10. Basi ule mwili wa mbwa unajengwa mbio sana, na nyumba yenye kujengwa mbio inaomba fundi mwenye akili. Fundi huyo ni wewe mwenye kumlisha.

ALIFUGWA KWA KAZI YA HURUMA

Kati ya Uswisi na Italia kuna milima mirefu sana. Wasafiri wa zamani walipita mahali panapoitwa Grand-Saint-Bernard, kwenye urefu wa metre 2,469. Ni karibu mara mbili ya urefu wa Lubumbashi. Kule theluji inaanguka, ile barafu laini kama unga mweupe, na wakati wa baridi inajaa mpaka kufunika njia na nyumba. Watu wengi walipotea na kufa njiani.

Mnamo mwaka 1050 hivi, padri mmoja jina lake Bernard, arshidiakoni wa mji wa Aosta, alijenga pale juu nyumba ya kupokea wasafiri. Tajiri, maskini, mfanyabiashara, mwenye kuhiji, kila mtu alipewa moto, supu na kitanda. Mapadri wa nyumba ile wanaendelea na kazi hiyo mpaka leo. Mwaka 1923 Papa Pius XI, ambaye yeye mwenyewe katika ujana wake alipenda kupanda milima, alimtangaza Mtakatifu Bernard kuwa msimamizi wa wenye kupanda milima.

Mbwa walifika nyuma sana. Picha za kuchorwa za mwaka 1695 zinaonyesha kwamba walikuwa wamekwisha kuwa pale, na mwaka 1707 wanatajwa katika maandishi ya nyumba. Kwanza walikuwa walinzi. Usicheke, lakini mmoja alitiwa hata ndani ya gurudumu kubwa, na kwa kutembea kwake aligeuza nyama juu ya moto wa jikoni! Kisha watu waliona kwamba mbwa hawa wana kifua kipana cha kufungua njia ndani ya theluji, na pua ya kusikia harufu ya mtu aliyefunikwa. Tangu hapo watumishi waliokwenda kutafuta wasafiri walitembea pamoja nao.

Anayejulikana kupita wote ni Barry. Alizaliwa mwaka 1800, mwaka ule ule Napoleon alipopita pale na askari karibu 40,000. Inasemwa kwamba Barry aliokoa watu zaidi ya 40. Labda ulikwisha kusikia kwamba mtu wa mwisho alimchoma kisu kwa kumzania ni mbwa mwitu. Hapana, ile ni hadisi tu. Barry alipozeeka, mwaka 1812, alipelekwa katika mji wa Bern kupumzika, akafa kwa uzee mwaka 1814. Mwili wake unalindwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la mji ule.

Na kale kapipa ka pombe mu shingo? Hakakuwa ka kazi. Watu wanakafahamu kwa sababu ya picha moja iliyochorwa na Mwingereza Edwin Landseer mwaka 1820. Tena, kijana, kunywesha pombe mtu anayekufa na baridi si msaada, ni kumwongezea hatari.

Basi umefahamu: huyu ni mbwa wa baridi na wa milima, na alilelewa kusaidia watu, si kuuma watu. Kumbuka maneno hayo mawili, tutayarudilia.

MAMA ANA HAKI: TUHESABU CHAKULA

Saint-Bernard mkubwa anakula karibu kilo moja ya chakula kikavu cha mbwa kwa siku. Fanya hesabu: siku 30, kilo 30. Ni kupita ule mfuko wa kilo 25 wa unga mnaoununua nyumbani. Uliza mama mfuko mmoja unafika siku ngapi, ndipo utajua sababu gani anakatala.

Tena bukari peke yake haitoshi. Mbwa wa namna hii anaomba nyama, ao samaki, ao mayai, pamoja na mafuta kidogo. Ukimjaza bukari tu, tumbo litaonekana kubwa, lakini mifupa na nyama vitabaki zaifu.

Hapa kuna kosa lingine, na ni kosa la wenye mapendo mengi. Wengine wanaona mtoto wa mbwa anakua, wanasema: «Tumuongezee, apate kuwa simba!» Wanamjaza chakula, wanampa dawa za chokaa kwa ajili ya mifupa. Matokeo ni mabaya. Mwili unakuwa mzito mbele ya mifupa kukomaa, viungo vya nyonga na viwiko vinaharibika, na mbwa wa mwaka mmoja anatembea kama mzee. Mtoto wa mbwa mkubwa anapaswa kukua polepole. Ukipitisha mkono ubavuni mwake, usikie mbavu bila kuziona. Dawa ya chokaa usimpe bila shauri la veterineri.

Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika kama miiba na kutoboa matumbo. Usimpe vitunguu wala shokola, ni sumu kwake. Na ninyi wa karibu na mitambo, musimuache anywe maji ya mashimo ya mgodi ao ya mifereji ya kiwanda. Anywe maji yale yale mnayokunywa ninyi, tena mengi.

MWEZI WA KUMI UNAKUJA

Kijana, wewe unajua jua la Katanga mu mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza. Wewe unatoa jasho. Mbwa hatoi jasho kama mtu, anajipoza kwa kuhema, ulimi inje. Sasa waza mbwa wa kilo 70, mwenye koti la manyoya lililofanywa kwa theluji, amefungwa karibu na ukuta wa bloke bila kivuli. Saa saba ya mchana anaweza kufa.

Kama mnamchukua, tayarisheni kivuli cha kweli, chini ya muembe ao chini ya baraza yenye kupitisha upepo. Si kajumba ka mabati, ile ni furu. Mtembeze asubuhi mapema na magaribi tu. Mkwangue manyoya kwa burashi mara mbili tatu kila juma, sababu manyoya yaliyokufa yanafunga joto. Lakini usimnyoe mpaka ngozi, jua litamchoma.

Ukiona anahema kwa nguvu sana, ufizi umekuwa mwekundu, anayumba kama mlevi ao anatapika, usingoje. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, na mtafute veterineri mara moja.

UGONJWA WENYE KUUA KWA SAA CHACHE

Mbwa wakubwa wa kifua kirefu wana adui mmoja wa siri. Tumbo linajaa hewa, kisha linajigeuza kama kamba, na damu haipiti tena. Alama zake ni hizi: tumbo linavimba na kuwa gumu kama ngoma, mbwa anataka kutapika lakini hakuna kitu kinachotoka isipokuwa mate, hatulii, analala na kuamka. Hakuna dawa ya nyumbani. Wala mafuta, wala mizizi, wala sala bila kutembea. Ni kumpasua tu, na ni siku ile ile. Akikawia saa chache, amekufa.

Kwa kumlinda, usimpe chakula cha siku nzima mara moja. Kigawe mara mbili ao tatu. Asikimbie wala kucheza kwa nguvu mbele ya kula na nyuma ya kula, apumzike saa moja ao zaidi.

Ndiyo maana, mbele ya kusema ndiyo, baba aulize jambo hili: katika mji wetu kuna veterineri anayeweza kumpasua mbwa? Anakaa wapi? Usiku tutamfikia namna gani? Ulizo hili si la kujivuna. Linauma kuliuliza wakati mbwa amekwisha lala chini.

MALEZI YANAANZA LEO

Mtoto wa mbwa wa kilo 10 akikurukia kifuani, wote mnacheka. Mwaka ujao atakuwa na kilo 70, atakurukia vilevile kama ulivyomfundisha, na bibi yenu ataanguka chini na kuvunja mkono. Basi lile usilotaka amefanya akiwa mkubwa, usimuache alifanye akiwa mdogo. Mfundishe kuketi, kungoja, kuja akiitwa, kutembea na kamba bila kuvuta. Mfundishe kwa sauti ya upole na kipande cha chakula, si kwa fimbo. Mbwa mkubwa mwenye kupigwa anajifunza woga, na woga wa kilo 80 ni hatari kwa kartier nzima.

Watu wote wa nyumba waseme neno moja. Kama baba anasema «Shuka!» na watoto wanasema «Panda!», mbwa atamsikiliza nani?

Miezi ya kwanza asipande ngazi nyingi, asiruke kutoka juu ya gari, asikimbizwe mbali. Mifupa yake bado ni mibichi. Na ninyi wadogo, musipande mgongoni mwake. Si punda.

Saint-Bernard anapenda watoto, ni kweli. Walakini usiache mtoto wa miaka mitatu peke yake pamoja naye. Hata bila ubaya wowote anaweza kumuangusha kwa mkia tu. Asisumbuliwe akiwa anakula ao analala.

Tena muzoee mate. Ee, mate! Yanadondoka juu ya suruali ya Misa, juu ya daftari za masomo, hata ukutani akitikisa kichwa. Mtu asiyependa kupangusa, asichukue mbwa huyu.

BABA, SIKIA NENO HILI

Baba anataka mlinzi. Tumwambie kwa heshima: mbwa huyu si askari. Mwili wake na sauti yake vinaweza kuogopesha mwizi, lakini moyo wake ni wa kupokea wageni. Wengine, kwa kumtaka awe mkali, wanamfunga mnyororo mchana na usiku. Mbwa wa namna hiyo hawi mlinzi, anakuwa mgonjwa wa akili, na siku mnyororo ukikatika hatachagua kati ya mwizi na mtoto wa jirani. Kama shida yenu ni wezi tu, mbwa wawili wa kienyeji waliolishwa vizuri na kuchanjwa watawaamsha usiku kwa chakula kidogo sana.

Na chanjo, kwa mbwa yeyote, mkubwa ao mdogo, si jambo la kuchagua. Kichaa cha mbwa kinaua mbwa na mtu. Alama zikionekana kwa mtu, hakuna tena dawa ya kumponya. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu hivi, kisha arudilie kila mwaka, na kikaratasi kilindwe pamoja na karatasi za nyumba. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende lopitali siku ile ile kwa chanjo. Asingoje kuona. Vilevile musisahau dawa ya minyoo na kutoa kupe.

HATA MAPADRI WALISEMA: HATUWEZI TENA

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mapadri wa Grand-Saint-Bernard walilea mbwa hawa karibu miaka 300. Lakini nyakati ziligeuka. Mwaka 1964 njia ya gari ilifunguliwa ndani ya mlima, na kwa kutafuta waliopotea elikopta zilichukua kazi ya mbwa. Mapadri nao walikuwa wachache, na kutunza mbwa wakubwa kuliwaondolea saa za kupokea wageni na kusali. Mwaka 2004 walitangaza kwamba watawatoa. Watu wengi duniani walisikitika. Walakini mapadri hawakuwaacha njiani, wala hawakuwapa mtu yeyote aliyepita. Mwaka 2005 mbwa wakapokelewa na shirika lililoanzishwa kwa ajili yao katika mji wa Martigny, chini ya mlima, linaloitwa Fondation Barry. Kule wanazaliwa na kulelewa, wanatembelea wazee na wagonjwa, na wakati wa joto wanapanda tena mlimani kwenye nyumba yao ya zamani.

Waza vizuri, mpendwa msomaji. Wale waliompa mbwa huyu jina lake, na wenye mlima wa baridi wenye kumfaa, walihesabu nguvu zao na wakasema kweli. Basi si haya kwa fundi wa mgodi mwenye watoto sita kusema: «Chefu, asante, lakini hatutamuweza.» Haya ni kumpokea kwa furaha, kisha kumfunga nyuma ya nyumba mpaka afe.

JIBU LETU

Kijana wa Likasi, ulingoja tuseme ndiyo ao hapana. Parsele ni yenu na mfuko ni wenu, hatuwezi kuwaamulia. Lakini tunakupa kazi. Juma hili, mwombe baba na mama muketi pamoja jioni na karatasi. Andikeni: chakula cha mwezi, chanjo na dawa za mwaka, kivuli, jina na mahali pa veterineri, na nani atamtembeza saa kumi na moja ya asubuhi. Usiandike «sisi wote», andika jina moja. Kisha jueni kwamba Saint-Bernard anaishi miaka 8 mpaka 10 tu. Atazeeka wewe ukiwa unamaliza masomo ya juu. Siku ile ya kulia itakuja, na itakuwa siku yako.

Kama karatasi inajaa na mama anaweka kidole chake pale chini, mumchukue, na mumpende mpaka mwisho. Kama karatasi haijai, muende kwa chefu mbele ya siku yake ya safari, si nyuma. Mumwambie kweli na mumsaidie kutafuta nyumba yenye uwezo. Mutakuwa mumempenda mbwa yule kupita wale wanaomtaka kwa sifa.

Na ukipenda, utuandikie tena, utuambie namna mulivyoamua.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Wanyama tulionao sasa, nani anawalisha? Wamechanjwa?
2. Tulikwisha kupokea kitu kikubwa bila kuhesabu gharama yake? Kilituletea nini?
3. Kati ya kusema «hatuwezi» na kupokea kisha kuacha, ni lipi lenye heshima?